Ana Afya kwa Kipimo Gani?

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na mratibu wetu wa lishe mbele ya wajumbe wa kamati za parokia za wilaya za Tarime na Serengeti, katika semina iliyofanyika Mugumu na kuhudhuriwa na baadhi ya wafadhili wetu. Tumeyachapa kwa ombi la kamati zenyewe.



Mwenyekiti amenipa nusu saa, tena amenionya nisiwachoshe kwa tarakimu. Nitajitahidi, ingawa chache hazitaepukika, maana tunazungumzia vipimo.

Jambo lililo mbele yetu mnalifahamu. Mradi wa lishe ya akina mama una fedha kidogo za vifaa. Kamati mbili zimependekeza tununue mizani ya umeme, ile ambayo mtu hupanda pekupeku na kioo chake kikaonyesha uzito, pamoja na asilimia ya mafuta, misuli na maji mwilini. Kamati nyingine zimeuliza kwa nini tusiendelee na utepe wa mkono tuliouzoea. Mfadhili mmoja naye ameuliza swali la haki kabisa: mnapotuambia akina mama wameimarika, mnajuaje? Maelezo yangu ni jibu la maswali hayo yote matatu.

Kilo ni za nini?

Kwetu mama akinenepa, majirani husema "ana afya". Akipungua, husema "amekwisha", na minong'ono inaanza. Kwa hiyo kila mmoja wetu tayari anacho kipimo, nacho ni macho. Sikidharau. Mkunga mzoefu huona mengi kabla mizani haijatolewa kwenye mfuko. Lakini macho huona umbo la nje tu, na wengi wetu tumekosea kwa kuyategemea.

Fikirieni mnunuzi wa mahindi pale Sirari. Analetewa magunia mawili yenye uzito sawa. Moja lina mahindi yaliyokauka vizuri, jingine lina mahindi yaliyovunwa mabichi. Mizani haikumdanganya kuhusu kilo, ila haikumwambia kilo hizo ni za nini. Ndiyo maana mnunuzi mjanja huingiza mkono ndani ya gunia, akatoa punje, akaitafuna.

Mwili wa mama ni hivyo hivyo. Kilo zake ni mchanganyiko wa mafuta, misuli, mifupa na maji. Akiwa mjamzito, kuna pia mtoto, kondo la nyuma na maji ya uzazi. Mchanganyiko huo ndio wataalamu wanaouita muundo wa mwili. Wanawake wawili wa urefu wa mita 1.60 wenye kilo 64 kila mmoja wako sawa mbele ya mizani. Mmoja anateka maji mbali, analima na kubeba kuni. Sehemu kubwa ya kilo zake ni misuli. Mwingine anakaa dukani kutwa nzima. Sehemu kubwa ya kilo zake ni mafuta ya tumboni. Hatari zinazowakabili si sawa, na ushauri wa kuwapa si mmoja.

Katika wilaya zetu mbili tunao wote hao, mara nyingi ndani ya parokia moja. Tunao akina mama wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti, ambao tembo wakishapita shambani chakula cha miezi kinakuwa kimekwenda. Tunao pia akina mama wa miji yetu, wenye kipato kidogo cha biashara, soda na vyakula vya kukaangwa vikiwa karibu. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya wa mwaka 2004–05 ulikuta asilimia 18 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Ule wa 2015–16 ulikuta asilimia 28, huku mmoja kati ya kumi akiwa bado amekonda kupita kiasi. Unene umeongezeka, na wembamba haujatuacha.

Sasa tuviangalie vipimo, kimoja baada ya kingine.

Uzito na urefu

Kipimo kinachojulikana zaidi ni uzito kwa kilo, ukagawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Hiyo ndiyo BMI mnayoiona kwenye kadi. Chini ya 18.5 mtu mzima anahesabiwa amekonda. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni unene uliokithiri.

Hesabu hii ilibuniwa na Adolphe Quetelet wa Ubelgiji katika miaka ya 1830. Hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa hesabu na takwimu aliyetaka kujua binadamu wa wastani yukoje. Jina la BMI lilikuja baadaye sana, mwaka 1972, kwa utafiti wa Mmarekani Ancel Keys na wenzake. Waliwachunguza wanaume zaidi ya 7,000 kutoka nchi tano. Wote walikuwa wanaume. Ninalitaja hilo kwa sababu, kwa kawaida, mwanamke ana mafuta mengi kuliko mwanaume mwenye BMI ileile, tena maumbile yamemwekea akiba hiyo kwa ajili ya kubeba mimba na kunyonyesha. Hata baina ya mataifa mipaka haifanani: mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walieleza kwamba kwa watu wengi wa Asia hatari huanza chini ya 25.

Hata hivyo BMI ina faida. Ni rahisi, haina gharama kubwa, na ukiwapima watu wengi inakupa picha ya jamii nzima. Udhaifu wake kwetu uko mahali pawili.

Kwanza, urefu. Mchukueni mama wa kilo 46 mwenye urefu wa mita 1.57. BMI yake ni 18.7, yaani hajakonda. Sasa mpimeni bila kumwomba afungue kilemba au kulegeza misuko, urefu usomeke mita 1.60. BMI inashuka hadi 18.0, naye anaandikwa amekonda. Sentimita tatu za kitambaa zimebadilisha orodha yetu ya walengwa. Kwa bibi aliyepinda mgongo kosa huwa kinyume: anasomeka mfupi, na BMI inapanda.

Pili, ujauzito. Hapa naomba niwasimulie kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha Serengeti, nilimpima mama mjamzito aliyekuwa amefikisha karibu miezi minane. Kilo 52, urefu mita 1.53. Nikapiga hesabu, nikapata 22, nikaandika "kawaida", nikamruhusu aende. Mkunga wa zahanati alikuwa nyuma yangu. Hakusema neno. Alimwita yule mama, akamzungushia utepe kwenye mkono, akaniita nisome mwenyewe: sentimita 20 na nusu. Kilo nilizozihesabu kuwa za mama, nyingi zilikuwa za mtoto na maji ya uzazi. Mama mwenyewe alikuwa amekwisha. Alifuatiliwa, akapewa chakula cha nyongeza, lakini muda uliobaki ulikuwa mfupi. Mtoto alizaliwa na uzito chini ya kilo 2 na nusu. Tunashukuru kwamba yuko hai na sasa anasoma. Mizani ilikuwa nzima, na hesabu ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa langu la kuuliza swali kwa kifaa kisichoweza kulijibu.

Utepe wa mkono

Kipimo cha mzunguko wa mkono, ambacho wahudumu wetu hukiita MUAC, kilipata umaarufu katika dharura. Wakati wa vita vya Nigeria vya 1967 hadi 1970, wahudumu wa Kikristo wa Quaker walitumia fimbo maalumu iliyolinganisha urefu wa mtoto na unene wa mkono wake, kwa sababu watoto walikuwa wengi na mizani chache. Leo tuna utepe mwepesi unaoingia mfukoni.

Faida yake kubwa ni kwamba mkono haubebi mimba. Unene wa mkono haubadiliki sana katika ujauzito, kwa hiyo utepe unatuambia hali ya mama mwenyewe, siyo ya mama pamoja na mtoto. Hauhitaji sakafu iliyonyooka wala betri. Mama hahitaji kuvua nguo. Mkono mmoja tu unatosha, hata akiwa nyumbani kwake na mtoto mgongoni.

Udhaifu wake ni huu. Hautenganishi misuli na mafuta. Hubadilika taratibu, kwa hiyo usitegemee kuona tofauti kila wiki. Tena mipaka yake kwa wajawazito haifanani kila mahali. Katika programu mbalimbali iko kati ya sentimita 21 na 23. Hivyo basi, tusijitungie mpaka wetu. Tufuate ule ulioandikwa kwenye mwongozo wa kituo cha afya tunachopeleka rufaa, ili mama tunayemtuma asirudishwe akiambiwa hana tatizo. Wala tusichanganye na mipaka ya watoto ya sentimita 11.5 na 12.5; rangi zilizo kwenye utepe wa watoto hazimhusu mtu mzima.

Namna ya kupima pia ina uzito wake. Mkono wa kushoto ukunjwe, tafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, weka alama. Kisha mkono uning'inie ukiwa umelegea, utepe uguse ngozi bila kuibana. Pima mara mbili. Tofauti ikizidi nusu sentimita, anza upya.

Kiuno

Wengi wetu hatujakizoea kipimo hiki isipokuwa kwa fundi cherehani. Kinatueleza kitu ambacho utepe wa mkono hauwezi: mafuta yaliyo tumboni, kuzunguka ini na matumbo. Hayo ndiyo yanayoambatana zaidi na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hatari huongezeka kiuno kikizidi sentimita 80, na huongezeka sana kikizidi 88.

Hupimwa katikati ya ubavu wa mwisho na sehemu ya juu ya mfupa wa nyonga, mama akiwa amesimama na amemaliza kutoa pumzi kwa kawaida. Kanga ilegezwe. Utepe wa fundi unatosha, mradi usiwe umevutika kwa uzee. Kwa mama aliyejifungua karibuni kipimo hiki hakina maana, tumwache apumzike.

Koleo la ngozi

Kipo kifaa kama koleo kinachobana ngozi na mafuta yaliyo chini yake, kikaonyesha unene kwa milimita. Kanuni inayotumika sana ni ya Durnin na Womersley, iliyochapwa mwaka 1974 baada ya kupimwa watu 481, wanawake 272 na wanaume 209. Hubanwa sehemu nne: mbele ya mkono wa juu, nyuma yake, chini ya mfupa wa bega na juu ya nyonga.

Mkononi mwa mtu aliyefunzwa na anayekitumia kila siku, kifaa hiki kina manufaa. Lakini wapimaji wawili mara nyingi hupata majibu mawili kwa mama mmoja. Tena mama lazima afunue mgongo na nyonga mbele ya mgeni. Kwa kazi yetu ya vijijini, sikipendekezi.

Mizani ya umeme

Sasa nafika kwenye ombi lenyewe. Mizani hizi hazioni mafuta. Hupitisha umeme mdogo usiohisika, ukaingia kwa mguu mmoja na kutokea kwa mwingine. Umeme hupita kwa urahisi penye maji, na misuli ina maji mengi, lakini hupita kwa shida penye mafuta. Mashine hupima ugumu wa njia hiyo, ikachanganya na uzito, urefu, umri na jinsia, kisha ikakisia mafuta kwa kanuni iliyowekwa ndani yake na kiwanda. Asilimia inayosomeka kwenye kioo ni makisio, hata kama imeandikwa na nukta yake.

Kutokana na hayo zinazaliwa shida kadhaa. Mama aliyetembea juani saa mbili bila kunywa maji atasomeka tofauti na alivyokuwa asubuhi. Mama mwenye miguu iliyovimba atasomeka ana misuli mingi, kumbe ni maji ya ugonjwa. Nyayo kavu zenye magaga hupitisha umeme vibaya, na nyayo za wakulima wetu mnazijua. Umeme unaopita mguu kwa mguu hauelezi vizuri habari za tumbo na mikono. Wajawazito hawafai kabisa kupimwa mafuta kwa mashine hii. Na kanuni nyingi za mashine hizi zimetengenezwa kwa kuwapima watu wa nchi nyingine, wenye maumbo na maisha mengine.

Sisemi ni kifaa cha uongo. Katika utafiti wenye masharti, watu wakipimwa saa ileile wakiwa hawajala, na kanuni ikiwa imehakikiwa kwa watu wa eneo hilo, kinasaidia. Lakini masharti hayo sisi hatuwezi kuyatimiza chini ya mti wa mkutano wa kijiji. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Vipimo vya maabara

Mtauliza: basi ukweli hupimwa wapi? Zipo njia mbili zinazotumiwa na watafiti kuhakiki nyingine. Moja ni mashine ya eksirei yenye miale ya aina mbili, inayotenganisha mifupa, mafuta na misuli. Nyingine ni kumnywesha mtu maji kidogo yenye hidrojeni nzito isiyo na mnunurisho, kisha kupima mate yake kabla na saa chache baadaye. Kadiri maji yale yalivyochujuka, ndivyo tunavyojua mwili una maji kiasi gani. Na kwa kuwa sehemu ya mwili isiyo mafuta ni maji kwa takriban asilimia 73, inayobaki ni hesabu. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limezisaidia nchi za Afrika kuitumia njia hiyo. Ni nzuri, lakini ni ya watafiti. Sisi tunatafuta nani asaidiwe kesho asubuhi.

Visivyoonekana kwa utepe wala mizani

Hata tungekuwa na mashine bora kuliko zote, kuna jambo isingelisema. Utafiti ule wa 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa nchini wana upungufu wa damu. Karibu nusu! Miongoni mwao wamo wembamba, wamo wanene, na wamo wale ambao BMI yao ni ya kupendeza. Mama anayeitwa "ana afya" sokoni anaweza kuwa na damu kidogo na shinikizo la juu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kipimo cha mwili kisije kikawa kisingizio cha kutompeleka mama zahanati apimwe wekundu wa damu na shinikizo.

Tusisahau pia nguvu. Huko Mwanza, watafiti waliwapa wagonjwa wa kifua kikuu nyongeza ya vitamini na madini, na matokeo yao yalichapwa mwaka 2011. Mbali na uzito, walipima pia nguvu za kushika kwa kiganja. Kwa wagonjwa wasio na VVU, vyote viwili viliongezeka. Napenda fundisho lake: uzito ni jambo moja, na kile mama anachoweza kukifanya kwa mikono yake ni jambo jingine. Mhudumu anaweza kuuliza tu: mwezi huu ulimaliza palizi yako? Ndoo ya maji unaibeba kama zamani?

Heshima ya anayepimwa

Katika jamii yetu mwanamke aliyekonda husemwa. Wapo ambao wakiitwa kwenye mizani mbele ya watu, hawaji, wakiogopa kuambiwa wana virusi. Hao wasiokuja ndio tunaowatafuta. Kwa hiyo pazia ni sehemu ya kipimo sawa na utepe. Namba isitajwe kwa sauti. Mama apimwe na mwanamke mwenzake inapowezekana, aelezwe kwanza kinachopimwa na sababu yake, na akikataa asilazimishwe wala asifutwe kwenye huduma. Aambiwe jibu lake yeye mwenyewe kabla ya mume, mama mkwe au kamati.

Juu ya hayo, tusimpime mtu kama hatuna la kumpa. Kumwambia mama "umekonda" kisha kumwacha aende ni kumwongezea mzigo. Kila jibu liwe na hatua yake: ushauri, chakula cha nyongeza, rufaa, au angalau tarehe ya kurudi.

Mapendekezo

Kwa hayo yote, napendekeza yafuatayo.

1. Wajawazito na wanaonyonyesha wapimwe kwa utepe wa mkono wa watu wazima, nyumbani na katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Uzito wao uendelee kufuatiliwa kliniki.

2. Wanawake wasio wajawazito wapimwe uzito na urefu palipo na sakafu imara na ubao wa urefu, bila viatu wala kilemba.

3. Kuanzia miaka 40, na kwa yeyote mwenye BMI inayozidi 25, tuongeze kiuno, na apelekwe kupimwa shinikizo la damu.

4. Mizani tulizonazo zihakikiwe kila mwezi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Chagueni dumu moja la lita 20, lijazeni hadi alama ileile, lipimeni, mwandike. Siku dumu lilelile likisoma tofauti, mizani ndiyo iliyobadilika.

5. Mizani ya umeme tusiinunue. Fedha hizo zinunue tepe, mbao za urefu, mapazia na daftari, na sehemu iliyo kubwa iwafunze wahudumu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na vipimo ni vivyo hivyo.

Kwa wafadhili wetu nina neno moja zaidi. Mmezoea kuletewa wastani: uzito wa akina mama umepanda kwa kilo kadhaa. Tafadhali msiupokee wastani huo peke yake. Mama mwembamba akiongeza kilo nne ni furaha. Mama ambaye tayari uzito umemzidi akiongeza kilo nne, kwenye wastani anahesabiwa kuwa ushindi uleule, kumbe tumempoteza. Tuulizeni hivi: wangapi waliokuwa chini ya mpaka wamevuka? Wangapi waliokuwa na kiuno kikubwa wamepungua? Wangapi tuliowapa rufaa walifika? Tuulizeni pia kama tulitumia kipimo kilekile mwanzo na mwisho, na katika msimu uleule, maana kupima wakati wa njaa ya palizi kisha kurudia baada ya mavuno ni kuusifu mradi kwa kazi ya mvua.

Taarifa ya namna hiyo haitapendeza kila robo mwaka. Kuna robo itakayoonyesha tumeshindwa. Naomba kamati zisiogope kuituma, na wafadhili wasituadhibu kwa kuituma.

Ndugu zangu, yule mkunga wa zahanati hakunikemea siku ile. Alinipa utepe tu, akasema niusome mwenyewe. Utepe ule ninao hadi leo. Nimekuja nao, na nitauacha hapa mezani. Baada ya chai, kila kamati ichague mama mmoja na mhudumu mmoja tujifunze kuupima mkono ipasavyo, mara mbili kila mtu, na kuandika tulichokisoma.